Kabla hujaipeleka gari ikaongezwe nguvu

Kwako Hamisi,

Salamu sana, wewe na wote wa nyumbani. Umeuliza kama kuna faida kumpa fundi abadilishe programu ya kompyuta ya injini kwenye gari unayoiendea kazini. Kabla ya kuuliza bei, angalia kama injini yako ina turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Kama haina, achana nayo. Injini ya aina hiyo hujivutia hewa yenyewe, na programu haiwezi kuiingizia hewa zaidi. Fundi atachezea taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) na mafuta, na utakachopata ni asilimia chache ambazo hutazihisi. Kama ina turbo, hapo kuna la kuzungumza. Programu huiamuru turbo isukume hewa nyingi zaidi, mafuta nayo yanaongezwa kuifuata, na nguvu kupanda kwa asilimia 20 ni jambo la kawaida. Utaiona kwenye kilima na unapotaka kulipita lori.

Ila mzigo huo unabebwa na vyuma vilevile. Klachi ndiyo hushindwa mapema, nawe unaweza kuijaribu leo kama gari ni ya gia za mkono: kwenye barabara iliyo wazi, tia gia ya nne, mizunguko ya injini ikiwa 2,000 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mizunguko ukiruka huku mwendo hausogei, klachi inateleza tayari, na nguvu zaidi itaimaliza.

Kinachonitia hofu zaidi ni injini ndogo za petroli zenye turbo ambazo nozeli zake hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Zikibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, mafuta yanaweza kuwaka kabla plagi haijatoa cheche, na pigo hilo huweza kuvunja pistoni. Mwambie fundi aache mizunguko ya chini ilivyotoka kiwandani, aongeze kuanzia 2,500 hivi kwenda juu. Akikataa, tafuta mwingine. Mwulize pia amepanga kwa petroli gani. Programu ya petroli ya oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga) ukiijazia 91, injini itagonga, yaani mafuta yatalipuka vibaya ndani ya silinda, kompyuta itarudisha taimingi nyuma, joto la ekzosi litapanda, na nguvu uliyoilipia itapotea.

Kabla ya yote, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda. Tofauti ikizidi asilimia 10 kati ya moja na nyingine, simamisha mpango. Weka plagi mpya, kagua mipira ya turbo kama inavuja hewa, na badilisha oili. Faili ya asili ya kompyuta ihifadhiwe, nawe upewe nakala. Waarifu watu wa bima, maana wasipojua wanaweza kukataa kulipa siku ya ajali, na waranti ya injini usiitegemee tena. Kama ni dizeli na fundi akataka kung'oa kichujio cha masizi, mkatalie kabisa; moshi ule unaingia kwenye mapafu ya watu, na nchi nyingi zimekataza.

Vile visanduku vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la kupimia gari, vinavyodai kupunguza mafuta, usivinunue.

Maoni yangu: kwa gari ya kwenda na kurudi kazini, anza na nguvu iliyopotea. Thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya kupoza injini) iliyokwama wazi huiacha injini kwenye nyuzi 70 badala ya 90 hivi, na kompyuta huendelea kuongeza mafuta ikidhani bado ni baridi. Breki inayoshika huivuta gari muda wote: ukifika, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, na moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, fungua kalipa yake, yaani kifaa kinachobana pedi za breki.

Nitumie namba ya injini na picha ya vipimo vya kompresheni, nitakwambia kama inafaa kuguswa.

Wako,
Salum