Waigizaji hawajibandiki wenyewe

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini ile makala yenu ya waigizaji "waliokwama" imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu anadai kwamba anayecheza uhusika uleule kila mara hana upeo. Si kweli, na inauma.

Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Nina mwili mkubwa na sauti nzito, basi nimekuwa mlinzi, jambazi, askari jela, kisha mlinzi tena. Safari moja nilikwenda kwenye usaili wa nafasi ya baba aliyefiwa na mtoto. Ule ukurasa nilikuwa nimeukariri hadi nikauota. Naingia tu, mwongozaji hakusubiri hata nifungue kinywa: "Majambazi ni chumba cha pili." Wenzake wakacheka. Nilitoka na ule ukurasa kichwani, na mpaka leo hakuna aliyeusikia.

Sasa niambieni, upeo wangu ulipimwa lini? Mwigizaji wa Marekani, Bryan Cranston, alijulikana kama baba wa vichekesho katika tamthilia ya televisheni ya Malcolm in the Middle, kuanzia 2000 hadi 2006. Mtunzi Vince Gilligan alipomtaka kwa ajili ya tamthilia yake ya Breaking Bad, wakubwa wa kituo cha televisheni walisita, kwao huyo alikuwa mchekeshaji. Ikabidi Gilligan awaonyeshe kipindi kimoja cha tamthilia ya The X-Files cha 1998, alichokiandika mwenyewe, ambamo Cranston alicheza mtu wa kuchukiza. Ndipo wakakubali, na kwa uhusika wake katika Breaking Bad Cranston akanyakua Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora mara nne. Kipaji kilikuwepo, alichohitaji ni mtu wa kumpigania. Henry Fonda naye alikuwa sura ya uadilifu katika filamu mpaka mwongozaji Sergio Leone, mwaka 1968, alipompa nafasi ya katili anayemuua mtoto. Lakini Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, mwaka 1940, aliipata kwa kucheza mtumishi wa nyumbani, na hata baada ya tuzo hiyo Hollywood ikaendelea kumvika aproni. Naye tuseme hakuwa na upeo?

Na siku hizi limezuka lingine. Hujasoma hata mstari mmoja, unaulizwa una wafuasi wangapi mtandaoni. Kijana aliyesomea sanaa hii anarudishwa nyumbani, nafasi anapewa mtu maarufu asiyejua hata kusimama jukwaani. Hilo hamjaliandika.

Ninachotaka ni hiki: kila msailiwa asome kwanza kurasa mbili nzima bila kukatizwa, na orodha ya kazi zake za nyuma ikae ndani ya bahasha iliyofungwa, isifunguliwe mpaka amalize. Na mwandishi wenu akaketi kwenye usaili mmoja, kutwa nzima, kabla hajaandika tena habari zetu.

Mwigizaji wa jukwaani