Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka kufundisha yoga Mwanza

Mwangaluka, mdogo wangu.

Tangazo lako nimelisoma. Picha inapendeza: umesimama kwa kichwa juu ya mwamba pale Capri Point, miguu hewani, ziwa nyuma yako. Iondoe. Mama wa Kirumba mwenye magoti mabovu akiiona atajua hapo si mahali pake, na yeye ndiye mwanafunzi atakayerudi kila wiki.

Maelezo yaliyo chini ya picha ndiyo yenye kazi. "Mwalimu wa kimataifa" halimwambii mtu chochote. Andika kwamba umesoma saa 200, ngapi kati ya hizo zilikuwa za kuujua mwili, na umesimama mbele ya darasa mara ngapi mwalimu wako akikuangalia. Saa 200 ni wiki tano za kazi ya saa 40. Fundi cherehani anakaa na mwalimu wake muda mrefu kuliko huo. Yoga Alliance uliyoitaja ni chama cha Marekani kinachosajili shule na walimu. Si leseni ya serikali, kwa hiyo usiitaje kana kwamba ni leseni.

Taja pia ulikotoka kimafunzo. Sehemu kubwa ya yoga ya mikao inayofundishwa leo chimbuko lake ni Mysore, India, kwa mwalimu Krishnamacharya (1888–1989). Wanafunzi wake wawili walishika njia mbili. Pattabhi Jois alishika mtiririko, mkao mmoja ukiingia kwenye mwingine kwa kufuata pumzi. B.K.S. Iyengar alishika kutulia ndani ya mkao, akitumia vipande vya mbao, mikanda na mablanketi ili hata mwili mgumu upate pa kushikilia. Wewe umesomea mtiririko. Sema hivyo, kisha ueleze unavyoupunguza kwa anayeanza, maana huko ndiko watu wanakoumia.

Watakuuliza kama ni dini. Usikwepe. Asili yake ni India, na ina mizizi katika dini za huko. Darasani kwako ni mazoezi ya mwili na pumzi, basi. Kama hutaimba "Om", ile sauti takatifu ya dini hizo, andika. Na ule mkao wa mwisho usiuite wa maiti. Sema "tulale chali tupumzike", usije ukapoteza nusu ya darasa siku ya kwanza.

Sasa namna ya kufundisha. Chukua mkao mmoja tu, ule wa mbwa anayejinyoosha, mikono na miguu chini, makalio juu. Anayeanza atalalamika kifundo cha mkono kinauma, nawe utamwambia "vumilia". Hapana. Angalia mgongo wake: umepinda kama upinde, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja imekaza na inavuta nyonga chini. Uzito wote unarudi mikononi, tena sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo. Mwambie akunje magoti, hata sana, apandishe makalio, aurefushe mgongo. Kisha atanue vidole na kukandamiza sakafuni shina la kidole cha shahada na la dole gumba. Pumzi tano, ashuke. Visigino kugusa chini si lengo. Wengine havitagusa maisha yao yote.

Hii ndiyo sababu darasa la mchangani halifai kwa mkao huo. Mchanga laini unameza kiganja, kifundo kinakunjika kupita kiasi. Tafuta nyasi fupi au sakafu. Na mkeka wa ukindu juu ya vigae unateleza. Nunua wa mpira, milimita 4 hadi 6.

Vifaa usiviagize mbali. Fundi seremala akukatie vipande vya mbao vya sentimita 23 kwa 15 kwa 10, apige msasa na kuviringa kona. Kanga iliyokunjwa kwa urefu ni mkanda tosha: mtu akae, aipitishe nyayoni, ashike ncha mbili, mgongo ubaki umenyooka.

Wapo watakaokuja wakitoka kubeba mizigo soko la samaki la Mwaloni. Hao nyonga zao mara nyingi ziko huru kuliko zako, wanachuchumaa bila shida, lakini shingo imebeba vya kutosha. Kusimama kwa kichwa usiwape kabisa. Mwenye presha ya damu au ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo muda mrefu, wala asibane pumzi. Mpe kuvuta kwa kuhesabu nne na kutoa kwa sita. Mjamzito asilale kifudifudi, na mimba ikishakua asikae chali muda mrefu: alale ubavu wa kushoto. Haya uliza kabla ya darasa, pembeni, si mbele za watu.

Mikono yako ibaki kwako mpaka uombe ruhusa. Hata ukipewa, usimsukume mgongo mtu anayeinama mbele. Misuli ya nyuma ya paja huchanika pale inapoanzia, chini ya kalio, na jeraha hilo linaweza kuchukua miezi.

Ratiba: saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni bora kuliko jioni. Jua halijawa kali, na tumbo halina ugali na sangara. Anayekuja jioni awe amekula saa mbili au tatu kabla ya darasa. Akibisha, mbwa anayejinyoosha atamjibu. Kati ya dakika 60, kumi za mwisho ni za kulala. Usizile kwa sababu umechelewa kuanza.

Picha mpya ipigwe ukiwa umepiga magoti pembeni ya mwanafunzi, unamwekea blanketi chini ya goti. Nitumie maelezo kabla hujayachapisha.

Kaka yako