Mdogo wangu, lile begi

Mdogo wangu,

Picha imefika. Hukuandika neno, hata salamu. Mtoto kasimama juu ya barafu huko kwenu Minnesota, kofia ngumu kichwani, gongo limemzidi kimo. Simu yangu hupokei tangu Idi, basi nakuandikia hapa mbele za watu, maana najua hapa unapita.

Unakumbuka ukumbi wa Colisée usiku wa kwanza? Kwetu Kakuma barafu ilikuwa ile ya kimfuko, unang'ata kona unanyonya rangi. Ulipoona uwanja mzima wa barafu uliniuliza umeme wa humu analipa nani. Ulikuwa na miaka 11.

Kwa wasiojua: hapa Lewiston, Maine, tulikuwa na timu ya hoki ya barafuni ya vijana wa miaka 16 hadi 20, Maineiacs. Ililetwa mwaka 2003 kutoka mji wa Sherbrooke, Kanada, ikicheza ligi ya Quebec iliyoanza 1969. Wenzao wote walikuwa upande wa Kanada, wao peke yao Marekani. Wala haikuwa ajabu. Wenyeji wengi wa mji huu ni vizazi vya Wafaransa wa Quebec walioshuka kwa treni kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Kuna vibibi waliokuwa wakimtukana refa kwa Kifaransa, wewe ukawa unayaleta hayo maneno nyumbani, na nashukuru Mungu hakuna aliyeyaelewa.

Baba mkubwa alikubali kuingia mle ukumbini kwa sababu moja tu: ndimo Muhammad Ali alimomwangusha Sonny Liston tarehe 25 Mei 1965, raundi ya kwanza, mbele ya watu 2,434. Mechi nzima alitazama paa. Alitaka aonyeshwe Liston alilala wapi.

Msimu wa 2006–07 ulikuwa wao. Jonathan Bernier golini, David Perron mbele, Clément Jodoin kocha. Waliongoza ligi, wakaichapa Val-d'Or mechi nne mfululizo kwenye fainali, wakabeba kombe la Quebec. Hakuna timu ya Marekani iliyokuwa imewahi. Wakaenda Vancouver kugombea Memorial Cup, kombe kuu la ligi za vijana za Kanada, na hilo hawakurudi nalo, ukagoma kula siku nzima kama vile umefiwa.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na begi.

Wale vijana walikuwa wanalelewa kwa familia za mjini, na yule mama aliyemkaribisha mmoja wao alikuwa akikuona kila Jumamosi umebandika pua kwenye kioo. Akaja mlangoni na begi kubwa kuliko wewe. Viatu vya kuteleza, glovu, vikinga miguu, magongo mawili yamezungushiwa tepu nyeupe. Ukavaa viatu mle mle ndani, ukatembea juu ya zulia, umerefuka ghafla. Mama mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya tatu, wewe ukiwa chuoni, nililibeba nikalirudisha. Theluji ilifika magotini. Nililiweka barazani kwake, sikupiga hodi. Nageuka, wewe upande wa pili wa barabara, juzuu kwapani. Hukulia. Ulisema, "Kaka, hata viatu?"

Basi.

Sasa nisikilize na mimi. Nilikuwa na miaka 17, nafagia ofisi usiku, asubuhi shule. Begi lilikuwa la bure, lakini ada ya barafu si ya bure, na safari, na viatu vingine kila mguu ukikua. Halafu umesahau mji ulivyokuwa? Mwaka 2002, kabla hatujafika, meya aliandika barua ya wazi kuwaambia Wasomali wapunguze kuja. Tulipofika bado ilikuwa midomoni mwa watu, nasi Wabantu wa Somalia tukahesabiwa humo humo, hakuna aliyeuliza tofauti. Julai 2006 mtu akavingirisha kichwa cha nguruwe kilichogandishwa msikitini Lisbon Street, watu wakiwa kwenye swala. Ningekuacha peke yako kwenye chumba cha kuvalia na watoto ambao hata majina ya baba zao hatuyajui? Mpira wa miguu ulikuwepo, hautaki begi. Mwaka 2015 shule yetu ikachukua ubingwa wa jimbo, timu imejaa watoto wetu. Wewe hata huo hukuugusa. Kwa ajili yangu hukuugusa, najua.

Na kweli, timu ilikufa. Mwaka 2011. Watazamaji hawakutosha, hasara ikawa kila msimu, mabasi yanavuka mpaka kwenda hadi Val-d'Or, hadi Cape Breton. Ligi ikaifuta, wachezaji wakagawiwa timu nyingine, na mwaka uliofuata Sherbrooke wakaanza kucheza na timu yao mpya. Jioni ile nilikuja na gazeti nikaliweka mbele ya sahani yako. Nikasema, "Umeona? Ningekuacha, leo ungekuwa wapi?" Ukainuka ukaacha ugali.

Begi hukunitajia tena tangu siku ile barabarani, na mimi ndiye niliyelirudisha mezani baada ya miaka minne, na nilifurahi. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Timu ya watu inakufa, wafanyakazi wanapoteza vibarua, na mimi napanda ngazi na gazeti kama niliyepokea mshahara. Ungekuwa wapi! Ungekuwa pale pale, na miaka 15, unajua kuteleza.

Ila na wewe una makosa. Siku ya maziko ya mama mdogo ulishika koleo upande wa pili wa kaburi, hukunitazama, na kabla ya khitma ulikuwa njiani uwanja wa ndege. Mama yako mwenyewe. Watu walipouliza nikasema kazi. Nimekudanganyia wazee wote wa Lewiston, na bado naonekana mimi ndiye mbaya. Sikuomba kuwa kaka mkubwa. Baba angekuwepo, angelirudisha yeye hilo begi, nawe ungekuwa umeshamsamehe.

Mke wangu amesoma hadi hapa akaniambia nifute hayo ya maziko. Sifuti.

Picha nimeikuza kwenye simu mara nyingi. Viatu vya mtoto ni vipya, nimeona, hukuchukua vya mtu. Lakini kamba ya kofia imelegea, inaning'inia chini ya kidevu. Ikaze. Kidole kimoja tu ndicho kipite kati ya kamba na ngozi, si viwili.