Merikebu Niliyoiona Kutoka Kilimani

Baltimore, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza. Goti la Bibi linaendeleaje? Hela za dawa nilituma Ijumaa, Shomari anijulishe kama zimefika.

Leo sikuwa na zamu, nikaenda Federal Hill. Ni kilima kando ya maji, katikati ya mji, na kimekuwa bustani ya watu wote kwa zaidi ya miaka mia. Ngazi zake zinachosha. Ukifika juu unakuta majani, mabenchi na watoto wanaobingirika mteremkoni, na chini yako bandari imeingia mpaka ndani ya mji. Jua lilipokuwa linazama, vioo vya maghorofa ng'ambo viligeuka rangi ya papai lililoiva. Nilitamani ungekuwa umekaa pembeni yangu na khanga yako mabegani.

Kuna mzinga wa zamani pale juu. Usiku wa Mei 13, 1861, mvua ikinyesha kwa radi, askari wa serikali walikipanda kilima hiki wakaelekeza mizinga mjini, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeanza na wakazi wengi waliwaunga mkono waliotaka utumwa uendelee. Niliweka kiganja juu ya chuma chake, baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko.

Lakini Mama, kilichonishika ni merikebu. Imefungwa gatini, milingoti mitatu, ubavu mweusi wenye mstari mweupe. Inaitwa Constellation, ilijengwa mwaka 1854. Kabla ya vita hivyo ilitumwa pwani ya magharibi ya Afrika kukamata majahazi ya watumwa, na Septemba 1860, karibu na mdomo wa mto Kongo, ililikamata moja likiwa na watu 705. Mia saba na tano! Wakapelekwa Liberia, wakaachwa huru.

Na mwaka huohuo, hapa Baltimore, watu walikuwa bado wanauzwa kihalali. Nyumba ambamo wafanyabiashara wa watumwa waliwafungia watu kabla ya kuwauza zilikuwa Pratt Street, barabara hiyohiyo inayopita mbele ya gati la merikebu, na kutoka bandari hii watu walipakiwa kwenda New Orleans. Frederick Douglass, yule aliyekuja kuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa, aliishi mtaa wa ng'ambo, Fells Point, akiwa mtoto mtumwa, na alieleza jinsi alivyoamshwa usiku na vishindo vya waliofungwa minyororo wakipitishwa mlangoni. Alitoroka mwaka 1838. Jimbo hili la Maryland halikuufuta utumwa mpaka Novemba 1864.

Nilikaa kwenye benchi mpaka taa zikawaka, nikiiwaza njia yetu ya pale Bagamoyo, kutoka Ngome Kongwe kushuka baharini. Mimi nimeipita mara ngapi kwenda kununua samaki, sikumuuliza mtu ni miguu ya nani iliyoipita kabla yangu. Ndipo nikamkumbuka yule bibi yake Bibi aliyetolewa Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa msichana, akafikishwa Bagamoyo kwa miguu. Bibi alinitajia jina lake siku moja tukipepeta mchele uani. Nimelitafuta kichwani jioni nzima, silipati.

Tafadhali muulize Bibi, asubuhi akiwa ametulia. Yale majina mawili, alilozaliwa nalo na alilopewa pwani. Shomari arekodi sauti yake anitumie, nataka nisikie anavyoyatamka mwenyewe.

Mwanao,
Mwajuma