Kiwambo cha sauti kwenye soketi?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lako na kunyamaza, lakini makala ya wiki iliyopita iliyotushauri tufunge "kiwambo cha sauti" kwenye soketi ya friji imenishinda. Kiwambo cha sauti hukaa kwenye mdomo wa bastola. Friji yangu haijampiga mtu risasi.

Mwandishi wako alikutana na neno "suppressor" akabeba maana ya kwanza aliyoikuta. Asili yake ni Kilatini, supprimere: sub ni chini, premere ni kubana. Kinachobanwa hutegemea fani. Kwenye bunduki ni mlio. Hiram Percy Maxim wa Marekani, aliyepata hataza ya chake mwaka 1909, alikiita "silencer", ingawa mlio haufi, hupungua tu kwa desibeli 20 hadi 35. Kwenye vali, zile chupa za kioo za redio za zamani, ni gridi (wavu wa waya) inayorudisha elektroni zinazoruka kutoka kwenye anodi, bamba linalozipokea. Kwa madaktari ni jeni kama TP53, inayozuia seli zisigawanyike ovyo.

Cha kwenye soketi sasa. Fungua ekstensheni ya kweli utakuta kidonge bapa, mara nyingi cha buluu, kimeandikwa 14D431K au 20D431K. Hiyo ni varista ya oksidi ya zinki: 14 au 20 ni kipenyo kwa milimita, 431 maana yake 43 na sifuri moja, yaani volti 430, hapo ndipo inapoanza kufunguka na kupitisha umeme. Kwa volti 230 za nyumbani imelala. Umeme ukirudi kwa kishindo, inaufungulia njia kutoka laivu (waya unaoleta umeme) kwenda nyutro (waya unaourudisha) au ethi (waya wa ardhini), friji ikapona. Kila kishindo kinaila kidogo. Nyutro ya mtaani ikikatika na volti zikapanda kuelekea 400, inachemka, inapasuka na kuacha masizi kwenye plastiki. Ndiyo maana lazima itanguliwe na fyuzi. Na varista iliyounganishwa kwenda ethi, nyumba isipokuwa na ethi, ni pambo. Taa nyekundu ya swichi mara nyingi huendelea kuwaka hata kidonge kikiwa kimekufa zamani! Haya hamkuyaandika, mkaweka picha ya friji nusu ukurasa.

Afadhali mngeshughulikia pikipiki. Plagi ya injini, ile ya kutoa cheche, aina ya DR8EA ina R kwa sababu ndani yake kuna kizuizi cha ohm 5,000 hivi, kinachobana mawimbi ya cheche. Nacho ni suppressor. Mafundi wanafunga D8EA isiyo nacho, na redio za mtaa mzima zinakoroma bodaboda akipita. Ekzosi zilizotobolewa sizitaji. Hizo ndizo zinazohitaji kiwambo chenu cha sauti.

Ombi langu: wekeni varista moja ya milimita 20, iliyoungua, kwenye meza ya mhariri wa habari. Atakayetaka kutafsiri neno hilo aishike kwanza, aseme kinachobanwa ni nini. Fundi yeyote anazo kwenye kopo la vyuma chakavu, na hatawatoza.

Fundi redio,
Morogoro