Kibao cha shingoni na Wawelisi wa 1847

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyezisifu, wiki iliyopita, shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni akisikika anazungumza Kiswahili. Alisema wenzetu wa Ulaya waliendelea kwa ukali wa namna hiyo. Nimefundisha historia kwa miaka 31, na naijua nchi moja ya Ulaya ambayo watoto wake walivishwa kibao hicho hicho. Nchi hiyo ni Welisi, jirani ya Uingereza upande wa magharibi, na mwaka ninaoomba tuutazame ni 1847.

Mwaka mmoja kabla, William Williams, mzaliwa wa Welisi aliyekuwa mbunge wa Coventry, aliliomba Bunge la London lichunguze hali ya elimu kwao. Serikali ikatuma wanasheria watatu: Lingen, Symons na Johnson. Wote Waingereza, wote Waanglikana, na hakuna aliyejua Kiwelisi. Walikwenda kwa watu ambao wengi wao walisali katika makanisa yaliyojitenga na Uanglikana, na ambao wengi wao hawakujua lugha nyingine zaidi ya yao. Ushahidi mwingi wakauchukua kwa makasisi wa Kianglikana. Mara nyingi mtoto aliulizwa kwa Kiingereza, na akinyamaza huhesabiwa kuwa hajui.

Ripoti ikatoka mwaka 1847, juzuu tatu zenye majalada ya bluu. Sitaficha kwamba mengi yaliyosemwa kuhusu shule yalikuwa kweli: vyumba vibovu, walimu wasio na mafunzo, watoto wanaosoma maneno ya Kiingereza wasiyoyaelewa. Lakini Symons akavuka mpaka, akaiandika lugha ya Kiwelisi kuwa kizuizi cha maadili na ustawi wa watu wake. Wanawake wa nchi nzima wakachafuliwa kwamba hawana staha. Wawelisi wakaumia, na mpaka leo tukio hilo wanaliita Usaliti wa Vitabu vya Bluu.

Msomaji yule angefaidika na ukurasa mmoja tu wa ripoti hiyo. Johnson alifika shule ya Llandyrnog, akamkuta mvulana ana kipande cha mti kilichofungwa kamba shingoni. Akaambiwa ni adhabu ya kuzungumza Kiwelisi. Johnson, mjumbe wa serikali ile ile, aliandika kwamba mtoto huyo hakuwa na njia nyingine: aseme Kiwelisi au asiseme kabisa, kwa sababu Kiingereza hakukielewa. Akaeleza pia kwamba kwa desturi hiyo watoto walikwenda kunyemelea kwenye nyumba za wenzao, wapate kumnasa anayezungumza na wazazi wake kwa Kiwelisi na kumhamishia adhabu yao.

Wakati huo huo, shule za Jumapili za makanisa zilikuwa zikiwafundisha watoto na watu wazima kusoma kwa Kiwelisi, nao walisoma wakaelewa. Hata wachunguzi hao waliliona.

Hakuna sheria ya Bunge iliyoamuru kibao kile. Walimu wa vijijini ndio waliokitumia, na wazazi wengi waliridhia, wakitaka watoto wao wapate kazi. Baada ya 1847 aibu ikawa kubwa zaidi, na wengi wakajitahidi kuonyesha ustaarabu wao kwa Kiingereza. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Welisi walikuwa wanazungumza Kiwelisi. Sensa ya 2021 iliwakuta asilimia 17.8. Shule ya msingi ya kwanza ya mamlaka ya serikali za mitaa kufundisha kwa Kiwelisi ilifunguliwa Llanelli mwaka 1947, miaka mia kamili baada ya ripoti ile. Leo serikali yao inatumia fedha nyingi kutafuta wazungumzaji milioni moja ifikapo 2050. Wanakinunua tena kile walichofundishwa kukionea haya.

Ndugu Mhariri, mjukuu wangu yuko darasa la tatu katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza. Mwezi uliopita alinieleza jinsi kibao chao kinavyopokezanwa, na kwamba atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikilia ndiye anayechapwa. Kwa hiyo wakati wa mapumziko humvizia mwenzao, wakamkanyaga mguu kwa nguvu ili alie "mama wee!" Hapo wanakuwa wamemnasa. Alinisimulia huku anacheka, na huyo aliyekanyagwa ni rafiki yake wa karibu.

Nataka ajue Kiingereza, tena kizuri. Mimi mwenyewe nilikisomea kwa bidii. Mwalimu anayekijua atamfundisha. Kipande cha ubao hakijamfundisha mtu sarufi, si Llandyrnog wala kwetu.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo. Nitakwenda, na nitaomba kibao hicho kiwekwe mezani mbele yetu, kisha kila mzazi aseme kama yuko tayari kumfunga mwanawe kwa mkono wake.

Mwalimu mstaafu,
Tanga