Jirschele hakukosea kumzuia Gordon

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu makosa ya makocha ilimtaja Mike Jirschele, kocha wa kituo cha tatu wa Kansas City Royals, kwa sentensi moja tu, kwamba woga wake wa kumzuia mchezaji wake Alex Gordon kituo cha tatu asikimbilie nyumbani, yaani kituo cha mwisho panapopatikana pointi, ndio ulioinyima timu hiyo ubingwa wa besiboli wa Marekani wa mwaka 2014. Naomba nafasi nimtetee, kwa kuwa mtu huyo alikuwa amekaa miaka 36 katika ligi za chini, kwanza akicheza na baadaye akifundisha, kabla ya kupandishwa ligi kuu msimu uleule.

Alisajiliwa na Texas Rangers mwaka 1977, akacheza miaka mingi bila kuionja ligi kuu hata siku moja, kisha akashika ukocha. Meneja wa ligi za chini hapimwi sana kwa vikombe, ingawa Omaha, timu ya Royals ya ligi za chini, ilitwaa ubingwa wa ligi yake mikononi mwake mwaka 2011 na 2013. Hupimwa kwa vijana anaowaivisha, na kijana akishaiva klabu kubwa humchukua hata katikati ya msimu, naye meneja akabaki kujipanga upya na waliosalia. Tena katika ligi hizo mara nyingi meneja husimama mwenyewe kando ya kituo cha tatu, akiamua kwa ishara ya mkono nani akimbie na nani asimame. Alex Gordon naye alirudishwa Omaha mwaka 2010 ajifunze kulinda upande wa kushoto wa uwanja, na meneja wake huko alikuwa Jirschele. Aliyemzuia, basi, alizijua mbio zake kuliko mwandishi wenu na mimi.

Tuutazame mpira wenyewe. Ilikuwa Oktoba 29, mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali dhidi ya San Francisco Giants, Royals wako nyuma 2-3 na amebaki mtu wao mmoja tu wa kutolewa ili mchezo uishe. Gordon aliupiga mpira ukampita Gregor Blanco wa Giants, ukabiringika hadi ukutani, na mwenzake Juan Perez akauokota kwa kubabaika. Hata hivyo, Gordon alipokuwa akikifikia kituo cha tatu, mpira ulikuwa umekwisha kurudishwa kwa Brandon Crawford, ambaye mkono wake si wa kuchezewa. Angeruhusiwa kuendelea, mpira ungemtangulia nyumbani. Salvador Perez wa Royals, aliyefuata kupiga, aliupaisha, Pablo Sandoval wa Giants akaudaka, mchezo ukaisha.

Kuhusu woga: Oktoba 23, 2015, dhidi ya Toronto, timu zikiwa 3-3 katika awamu ya nane, Eric Hosmer wa Royals aliupiga mpira upande wa kulia. Jirschele, akitegemea kwamba José Bautista wa Toronto angeurusha kituo cha pili, alimpungia Lorenzo Cain aliyekuwa ametoka kituo cha kwanza aunganishe moja kwa moja hadi nyumbani. Cain akafika, Royals wakashinda 4-3, na siku chache baadaye wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1985.

Mtakapoichapa tena picha ya Gordon amesimama kituo cha tatu, naomba kando yake muweke ile ya Cain akiingia nyumbani.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi